Ufunguzi wa Kiitalia Haukunifunga: Kusoma Upya Mchezo Mmoja wa Sataranji

Jumamosi moja, katika kibaraza cha duka hapa Sakina, Arusha, nilishindwa mchezo wa sataranji na kijana wa kidato cha tano, na kabla sijamaliza kurudisha kete kwenye sanduku lake, watu wanne walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Wa kwanza alisema kwamba nimeshindwa tangu mwanzo kwa sababu ufunguzi wangu ni mbovu. Wa pili aliongeza kwamba ufunguzi wa Kiitalia ni wa watoto na kwamba watu wazima hukariri hatua za mabingwa. Wa tatu alikuwa akiingiza hatua zetu kwenye simu yake muda wote tuliokuwa tukicheza, naye alinionyesha mstari uliopanda na kushuka kama njia ya kwenda Marangu, akasema kompyuta imemaliza ubishi. Wa nne, mzee ambaye kwa kawaida hucheza drafti na hutazama sataranji kwa huruma tu, alinishauri kwa upole nijifunze Sisilia, ufunguzi mwingine.

Hukumu hizo nimezisikia mara nyingi, na si hapa Arusha peke yake. Tangu simu ziwe na uwezo wa kuuchambua mchezo mzima kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa, neno ufunguzi limegeuka kuwa jalala ambalo kila anayeshindwa hutupa kushindwa kwake. Nilirudi nyumbani na daftari nililoandikia hatua zetu, nikaupanga mchezo upya ubaoni, na nilichokiona hakikufanana na hukumu hata moja kati ya zile nne. Ili jambo hilo lieleweke kwa mtu ambaye hajawahi kuushika mchezo huu, ni lazima nianze na maneno yenyewe.

Sataranji, ambayo vijana wengi huiita chesi, ina jina lililosafiri mbali. Wahindi wa kale waliuita mchezo wao chaturanga, yaani jeshi lenye sehemu nne. Waajemi na Waarabu wakaupokea, Waarabu wakauita shatranj, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tukalipata jina letu kutoka kwao. Ubao una miraba 64. Mistari inayotoka kwa mchezaji kwenda kwa mpinzani wake hupewa herufi a hadi h, na ile inayokatiza hupewa namba 1 hadi 8, kwa hiyo kila mraba una anwani yake, kama e4 au f7. Kila upande una mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Wachezaji hupima thamani ya kete kwa kipimo cha askari: askari ni 1, farasi na askofu ni 3 kila mmoja, ngome ni 5 na malkia ni 9. Mfalme hana bei, kwa sababu akinaswa mchezo umekwisha.

Ufunguzi, basi, ni zile hatua za mwanzo, mara nyingi kumi au kumi na tano za kila upande, ambazo kila mchezaji huzitumia kuwatoa maofisa wake, yaani kete zisizo askari, nyuma ya askari na kumweka mfalme mahali salama. Baada yake huja mchezo wa kati, ambamo vita hasa hupiganwa, na kisha mchezo wa mwisho, kete zikiwa zimebaki chache. Mipaka ya sehemu hizi haijachorwa popote, na kwa wachezaji wa ridhaa kama sisi ufunguzi huweza kuisha hatua ya sita, mara tu mmoja anapofanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote.

Wapo wanaodhani kwamba kujifunza ufunguzi ni kukariri. Hesabu yenyewe inawakatalia. Mchezaji mweupe, ambaye ndiye huanza, ana hatua 20 anazoweza kuchagua, na mweusi naye ana 20 za kumjibu, kwa hiyo baada ya hatua moja ya kila upande kuna njia 400. Baada ya hatua mbili za kila upande njia hizo zimefika 197,281. Wataalamu wamezigawa funguzi zinazojulikana katika vichwa 500, kuanzia A00 hadi E99, na bado mpinzani wako wa kibarazani, ambaye hajasoma hata kimoja, atakutoa nje ya vichwa hivyo kabla kahawa haijapoa. Aliyekariri hatua bila sababu zake hapo hubaki kama msafiri aliyekariri vituo vya daladala halafu dereva akapita njia nyingine.

Zinazodumu ni sababu, nazo si nyingi. Ya kwanza ni kupigania katikati ya ubao, yaani miraba e4, d4, e5 na d5. Anayesimama penye Mnara wa Saa hapa mjini anaweza kushika Barabara ya Sokoine, ya Boma au ile ya zamani ya Moshi bila kuzunguka. Aliye pembezoni ni lazima apite hapo kwanza. Farasi anayesimama katikati ya ubao ana miraba 8 ya kurukia, lakini akisukumwa pembeni kabisa, kwenye kona, hubakiwa na miwili tu. Msomaji aikumbuke namba hiyo ya mwisho, maana itarudi. Sababu ya pili ni kumtoa kila ofisa mapema badala ya kumzungusha mmoja huku wengine wamelala. Ya tatu ni kumweka mfalme ndani, kwa ile hatua ya pekee ambayo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome nayo ngome ikaruka upande wa pili wake, naye akabaki kwenye kona nyuma ya ukuta wa askari.

Ufunguzi wa Kiitalia huzitii sababu zote tatu kwa njia iliyo wazi, ndiyo maana hufundishwa watoto, na ndiyo maana pia mabingwa wa dunia wanaucheza hadi leo. Askari mweupe huenda e4 na mweusi e5. Farasi mweupe huenda f3 akimtisha askari wa e5, na farasi mweusi huenda c6 kumlinda. Kisha askofu mweupe huenda c4, akiutazama mraba wa f7, ambao ndio udhaifu wa mweusi kwa kuwa mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Jina lilitokana na wachezaji wa Italia, akiwamo Gioachino Greco, waliouchunguza kwa bidii kuanzia karne ya 16 na ya 17. Mweusi akijibu kwa kumweka askofu wake c5, na mweupe akasogeza askari wa d mraba mmoja tu, tawi hilo Waitaliano huliita Giuoco Pianissimo, ambayo maana yake ni mchezo wa taratibu kabisa. Waongozaji wetu wa Mlima Kilimanjaro wangeliita polepole, na wangekuwa wamelifasiri vizuri.

Mchezo wetu ulipita hapo hapo. Baada ya hatua tatu nilizozitaja, nami nikiwa mweupe, askofu wake alikuwa c5. Hatua ya nne nikamweka mfalme ndani, naye akamtoa farasi wake wa pili hadi f6. Hatua ya tano nikamsogeza askari hadi d3, naye wake hadi d6. Mpaka hapo hakuna aliyekosea lolote. Kama kuna mtu anayetaka kuushitaki ufunguzi wa Kiitalia, ushahidi wake unapaswa kuwa ndani ya hatua hizo tano, na haumo.

Hatua ya sita nilimpeleka askofu wangu wa pili g5. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatua hii huchezwa kila siku katika vibaraza na shule zetu, na wengi huicheza kwa sababu waliona mtu mwingine akiicheza. Askofu aliye g5 anambana farasi mweusi wa f6: nyuma ya farasi huyo, kwenye mshazari uleule, amesimama malkia wake, hivyo farasi akiondoka malkia analiwa. Kubana huko ni silaha nzuri, lakini ina sharti. Mweusi akitaka kumfukuza askofu wangu ni lazima awasogeze askari wake wa h na wa g. Kama mfalme wake amekwisha kuingia ndani upande huohuo, askari hao ndio ukuta wa nyumba yake, na kuwasogeza ni sawa na mtu kung'oa matofali ya chumba anacholala ili amrushie jirani. Lakini mfalme wake alikuwa bado katikati, e8. Matofali hayo hayakuwa ya nyumba yake. Aliyekuwa amelala upande ule ni mfalme wangu, niliyemwingiza ndani hatua mbili kabla. Kwa kifupi, nilimkaribisha mpinzani awatume askari wake mbio kuelekea mlangoni kwangu, tena kila hatua yao ikiwa na faida ya kumfukuza askofu wangu.

Kijana aliielewa hali hiyo, au silika ilimwongoza. Hatua ya sita aliweka askari h6, nami nikarudisha askofu h4. Ya saba akaweka askari g5, nami nikarudi g3. Ya nane akamsukuma askari wa h mbele tena hadi h5. Sasa alitishia kumsogeza h4 na kumfungia askofu wangu karibu kila njia ya kutokea.

Nilipokuwa nikipekua michezo ya zamani nyumbani, niligundua kwamba hali hiyo, kete kwa kete, ilitokea London mwaka 1862, Serafino Dubois wa Italia alipocheza nyeupe dhidi ya Wilhelm Steinitz, ambaye mwaka 1886 alikuja kuwa bingwa rasmi wa kwanza wa dunia. Dubois alimzuia askari yule kwa kuweka wake h4. Alishindwa hata hivyo, ila baadaye sana. Lilinifariji kidogo jambo hilo, kwamba Mwitaliano wa enzi zile, katika ufunguzi wa kwao, alipitia mlango uleule nilioupitia mimi Sakina.

Mimi sikuzuia. Niliona kwamba askari wake wa g5, kwa kuwa yule wa h6 aliyekuwa akimlinda amesogea mbele, sasa hana mlinzi, na tena farasi wangu akimla askari huyo atakuwa anautazama mraba wa f7 pamoja na askofu wangu wa c4. Nikamla. Kijana akasogeza askari h4, nami hatua ya kumi nikaruka na farasi hadi f7, nikamla askari wa pale na kuwashambulia malkia na ngome kwa mpigo mmoja. Kibaraza kizima kilipiga makofi. Makofi hayo, nilikuja kujua baadaye, yalikuwa ya mazishi yangu.

Kilichopaswa kufuata kinajulikana vizuri. Mweusi hamjali malkia wake. Anamla askofu wangu wa g3 kwa askari wake wa h, na kwa kufanya hivyo anaufungua mstari wote wa h kwa ajili ya ngome yake. Nikimla malkia, askofu wake anaruka hadi g4 kumshambulia malkia wangu. Nikimwokoa kwa kumweka d2, farasi wake wa c6 anaingia d4, tayari kuruka f3 na kunicheki, yaani kumtishia mfalme wangu. Akiruka nami nikimla hapo f3 kwa askari wa g, askofu wake anamla askari huyo, na sasa mfalme wangu amezingirwa kabisa: askari wangu wa f2 hawezi hata kusogea kwa kuwa amebanwa na askofu wa c5, na chekimeti, yaani kunaswa kwa mfalme, kwenye mstari wa h haizuiliki. Nina malkia na mpinzani hana, na bado nimekufa. Mgeni wa mchezo huu akitaka kuelewa kwa nini zile bei za askari na ngome ni makadirio tu wala si sheria, atazame hatua hizo ubaoni mara moja.

Lakini kijana hakuiona njia hiyo. Kama ambavyo wengi wetu tungefanya, alimwokoa malkia kwa kumweka e7. Hatua moja tu, na mchezo aliokuwa ameushinda aliurudisha mikononi mwangu. Nikamla ngome wake wa h8, akamla askofu wangu wa g3, nami nikamla askari huyo. Kweli, farasi wangu aliyeingia h8 hakutoka tena, kwa sababu ile niliyoiomba ikumbukwe: pale kwenye kona alikuwa na miraba miwili tu ya kurukia, na yote miwili ililindwa kwa zamu hadi alipoliwa. Hata hivyo, hesabu ilibaki upande wangu. Nilikuwa nimechukua ngome na askari watatu, jumla 8, kwa kutoa askofu na farasi, jumla 6. Ufunguzi ulikuwa umekwisha, mimi nikiwa mbele.

Hatua ya 21 nilimpeleka malkia wangu c3 ili amtishe farasi mweusi aliyekuwa amejikita d4. Sikujiuliza farasi huyo anaweza kwenda wapi. Aliruka e2, akamcheki mfalme wangu aliyekuwa g1, na kwa kuwa kutoka e2 farasi huufikia pia mraba wa c3, malkia wangu alikuwa ameshambuliwa kwa wakati uleule. Mfalme ni lazima asogee. Malkia akaliwa bila malipo. Hatua ya 26 nikasalimu amri.

Sasa turudi kwenye hukumu zile nne. Aliyesema nimeshindwa kwenye ufunguzi alikuwa na nusu ya ukweli: nilifanya kosa la fikra hatua ya sita na kosa la tamaa hatua ya tisa na ya kumi, lakini makosa hayo yalifutwa na kosa la mpinzani kabla ufunguzi haujaisha. Kilichoniangusha ni farasi niliyemwona na nisimwangalie, hatua 11 baada ya hapo. Kosa la namna hiyo haliponywi na kitabu chochote cha funguzi. Ningeweza kucheza hatua 15 za kwanza kama bingwa wa dunia na bado nikamweka malkia c3.

Na kwa habari ya mabingwa wa dunia, hata wao hawaamuliwi na ufunguzi kama tunavyodhani. Desemba 2024 huko Singapore, katika mchezo wa 14 na wa mwisho wa kugombea ubingwa, Ding Liren wa China alikuwa na hali iliyoelekea sare, zikiwa zimebaki ngome, maaskofu na askari wachache. Hatua ya 55 akaiweka ngome yake f2. Gukesh Dommaraju wa India, mwenye umri wa miaka 18, akabadilishana naye ngome, kisha akamlazimisha kubadilishana maaskofu, na kwa askari waliobaki akachukua taji. Sijasikia mtu akiulaumu ufunguzi wa siku ile.

Simu nayo haikusema uongo, ila ilisomwa vibaya. Programu za kuchambua mchezo hutoa namba: +1 maana yake mweupe yuko mbele kwa kitu kinachokaribia thamani ya askari mmoja, na alama ya kutoa huonyesha kwamba aliye mbele ni mweusi. Baada ya hatua yangu ya sita namba ilishuka kwa sehemu ndogo tu ya askari. Mnunuzi wa tanzanaiti hugombana kwa ajili ya sehemu ya gramu, naye ana haki. Muuza viazi wa Soko la Kilombero akianza kupima kwa mzani huohuo atafunga jioni hajauza hata ndoo moja. Kwa mabingwa, thuluthi ya askari ni jambo la kufia. Kwetu sisi, ambao katika mchezo mmoja tunatupa malkia na kuokota ngome, namba hiyo ndogo haina uzito, na kinachofaa kutazamwa ni pale mstari unapoanguka kama maporomoko. Katika mchezo wetu ulianguka, ukapanda, ukaanguka tena, na mara ya mwisho haukuinuka.

Kuhusu Sisilia, naomba radhi kwa mzee wangu, lakini ushauri wake haukuwezekana hata kidogo. Ulinzi wa Sisilia ni jibu la mweusi, anapoikabili e4 kwa kumsogeza askari wake c5. Mimi nilikuwa mweupe. Ni sawa na kumshauri mpiga penalti adake vizuri zaidi.

Yeyote atakayetaka kuusoma mchezo wake mwenyewe, ningemshauri aiache simu mfukoni kwanza, aandike kando ya kila hatua alichokuwa akifikiri wakati ule, hata kama anaona aibu. Daftari langu, mbele ya hatua ya sita, lina maneno haya tu: «kumbana, kama kawaida». Maneno «kama kawaida» yalinifundisha kuliko mstari wote wa kompyuta, kwa sababu yalionyesha kwamba nilikuwa na hatua bila kuwa na sababu yake. Mbele ya hatua ya 21 hakuna neno lolote. Simu ikija baada ya hapo, huwa na kitu cha kulinganisha nacho. Ikija kwanza, hukupa majibu ya maswali ambayo hukuyauliza.

Jumamosi iliyofuata tulipanga kete upya, mimi tena mweupe, na kwa makubaliano tukaenda moja kwa moja hadi hatua ya tano. Kabla sijacheza ya sita nilimwonyesha kijana ile njia ya kumwacha malkia aliwe. Alikaa kimya kwa dakika nzima, kisha akairudia peke yake mara mbili, kete moja moja, huku mzee wa drafti akiwa amesogeza kiti chake karibu zaidi kuliko kawaida. Halafu nikamwacha askofu wangu mahali pake na kumsogeza askari wa c mraba mmoja, hadi c3, ili siku moja nipate kusukuma wa pili d4 na kuishika katikati. Polepole. Kijana akajibu kwa kumweka mfalme wake ndani.